Kodi hasi 47,000: lini uandike if, lini uandike elif

Swali

Mwalimu, shikamoo. Ninasaidia hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, Kariakoo, na jioni najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, nyumbani kwa kompyuta ya mtumba. Nimeandika programu ya kupiga PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ya wafanyakazi wetu. Meneja wa 1,200,000 inampa kodi 188,000, safi kabisa. Kijana wa stoo wa 300,000 inampa kodi -47,000. Rafiki yangu aliniambia nibadilishe if za katikati ziwe elif, nikabadilisha, ikakaa sawa. Lakini hakunieleza kwa nini, na sasa kila nikitaka kuandika if nasita. Lini natumia if, lini elif? Na nitajuaje kama hakuna kosa jingine limejificha humo ndani?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Rafiki yako amekuelekeza vizuri. Ila ukiondoka na kanuni ya "weka elif kila mahali" utakuja kuharibu hesabu nyingine ya wafanyakazi haohao, na nitakuonyesha ni ipi. Tuanze na programu yako kabla haijaguswa, maana somo lote limo humo:

```
mshahara = int(input("Mshahara: "))

if mshahara <= 270000:
    kodi = 0
if mshahara <= 520000:
    kodi = (mshahara - 270000) * 0.08
if mshahara <= 760000:
    kodi = 20000 + (mshahara - 520000) * 0.20
if mshahara <= 1000000:
    kodi = 68000 + (mshahara - 760000) * 0.25
else:
    kodi = 128000 + (mshahara - 1000000) * 0.30

print("PAYE:", kodi)
```

Viwango umeviweka sawa. Ndivyo vilivyoanza kutumika Tanzania Bara Julai 2021, daraja la pili liliposhushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Hesabu za kila mstari nazo ni sahihi. Kilichokosewa ni jinsi maswali yalivyopangwa.

Python husoma kuanzia juu kwenda chini. Ikifika kwenye if inaangalia sharti, na sharti lina majibu mawili tu: kweli au si kweli. Likiwa kweli, inatekeleza mistari iliyoingizwa ndani chini yake. Likiwa si kweli, inairuka. Halafu inaendelea kushuka. Ikikuta if nyingine, hilo kwake ni swali jipya kabisa, halihusiani na lililopita. Haijali kwamba hapo juu jibu lilishapatikana.

Sasa chukua kalamu na karatasi umpitishe kijana wa stoo wewe mwenyewe. Mshahara wake 300,000. Je, ni 270,000 au chini ya hapo? Si kweli, tunaruka. Je, ni 520,000 au chini? Kweli, kwa hiyo kodi ni 30,000 mara 0.08, yaani 2,400. Hilo ndilo jibu lake, na programu imeshalipata. Lakini haisimami hapo. Je, 300,000 ni 760,000 au chini? Ni kweli pia! Kodi inaandikwa upya: 20,000 kutoa 44,000, inabaki hasi 24,000. Je, ni 1,000,000 au chini? Kweli tena. 68,000 kutoa 115,000, hasi 47,000. Maswali yameisha, na print inatoa kilichoandikwa mwisho.

Hilo jina `kodi` ni kama ubao wa bei uliotundikwa mlangoni pa duka lenu. Unabeba bei moja tu ya nondo kwa wakati mmoja. Akija mtu wa pili akafuta na kuandika yake, ile ya kwanza haipo tena, hata kama ndiyo iliyokuwa sahihi.

Ukitazama vizuri utaona jambo zito zaidi. If zako tatu za kwanza hazina kazi yoyote. Mshahara wowote usiozidi 760,000 hauzidi 1,000,000 vilevile, kwa hiyo chochote kitakachoandikwa na hizo tatu lazima kifutwe na ya nne. Jaribu: zifute zote tatu, uendeshe programu tena. Majibu hayatabadilika hata kwa shilingi. Ulikuwa na madaraja matano kwenye karatasi, lakini kompyuta ilikuwa inatumia mawili tu.

Na ile else ya mwisho? Watu wengi huidhania kuwa ya wote, kana kwamba inasema "kama yote yaliyotangulia yameshindikana". Hapana. Else ni ya if iliyo juu yake pamoja na elif zake. Kwa kuwa huna elif, else yako inaifuata if ya nne peke yake. Ndiyo maana meneja alipata 188,000 bila tatizo: masharti yote manne kwake si kweli, akaangukia else, na hakuna aliyekuja kufuta baada ya hapo.

Lakini kijana wa stoo siye anayenitia wasiwasi. Hasi 47,000 inajitangaza yenyewe, hakuna mhasibu atakayeipitisha. Mchukue dereva wa kirikuu anayelipwa 600,000. Kodi yake ni 36,000: 20,000 kujumlisha asilimia 20 ya 80,000. Programu yako ya mwanzo ingempa 28,000. Angalia hiyo namba. Haina alama ya kutoa, haina ukubwa wa kushangaza, inafanana kabisa na kodi ya mtu wa laki sita. Ingeingia kwenye slipu, ingepita, na kila mwezi lingebaki pengo la 8,000, sawa na 96,000 kwa mwaka kwa mfanyakazi mmoja. PAYE inatakiwa ifike Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na mwenye wajibu wa kuikata na kuiwasilisha ni mwajiri. Pengo hilo lingemrudia bosi wako. Kosa la namna hii ndilo nataka ujifunze kulitafuta, maana halitoi ujumbe wa kosa na halisimamishi programu.

Sasa tuje kwa elif:

```
if mshahara <= 270000:
    kodi = 0
elif mshahara <= 520000:
    kodi = (mshahara - 270000) * 0.08
elif mshahara <= 760000:
    kodi = 20000 + (mshahara - 520000) * 0.20
elif mshahara <= 1000000:
    kodi = 68000 + (mshahara - 760000) * 0.25
else:
    kodi = 128000 + (mshahara - 1000000) * 0.30
```

Elif inauliza swali lake pale tu ambapo yote ya juu yake yamekataa. If, elif zote na else sasa ni mnyororo mmoja, na ndani ya mnyororo huo ni tawi moja tu linalotekelezwa. Kijana wa stoo akikubaliwa kwenye swali la pili, Python inaruka moja kwa moja hadi mwisho wa mnyororo. La tatu na la nne haliulizwi kabisa.

Kuna faida nyingine imejificha humo. Ukifika kwenye `elif mshahara <= 760000`, tayari unajua kwamba mshahara umezidi 520,000, la sivyo usingefika hapo. Kwa hiyo huna haja ya kuandika `mshahara > 520000 and mshahara <= 760000`. Ukiandika hivyo hujakosea, ila umejiongezea namba ambazo siku viwango vikibadilika utalazimika kuzikumbuka zote.

Mnyororo una masharti yake: mpangilio. Ukitumia `<=` anza na namba ndogo uende ukipanda. Ukitumia `>` anza na kubwa ushuke. Mtu akiandika `if mshahara > 270000` juu kabisa, kisha `elif mshahara > 520000` chini yake, hiyo elif haitafikiwa na yeyote, kwa sababu kila aliyezidi 520,000 amezidi 270,000 pia na ameshachukuliwa. Meneja wako angekatwa asilimia 8 ya 930,000, yaani 74,400 badala ya 188,000. Tena bila ujumbe wowote wa kosa.

Sasa ile hesabu ambayo elif ingeiharibu. Nadhani baada ya PAYE utaingia kwenye makato mengine. Mfanyakazi aliyesomeshwa kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyechukua advansi katikati ya mwezi anakatwa advansi yake. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi cha TUICO anakatwa ada ya chama. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu. Ukiandika hapa if, elif, elif, Python itakata mkopo wa HESLB, itaona imemaliza, na advansi ya bosi itasahaulika. Hapa unataka if zinazojitegemea, kila moja iulizwe:

```
makato = 0
if ana_mkopo:
    makato = makato + msingi * 0.15
if advansi > 0:
    makato = makato + advansi
if mwanachama:
    makato = makato + ada
```

Umeona tofauti nyingine? Hatuandiki `makato = advansi`, tunaandika `makato = makato + advansi`. Kila if inaongeza juu ya kilichokuwepo badala ya kukifuta. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, jiulize hivi: je, mtu mmoja anaweza kustahili majibu mawili kwa pamoja? Kama hawezi, kama daraja la kodi lilivyo, tumia if na elif. Kama anaweza, kama makato yalivyo, tumia if peke yake, na hakikisha kila moja inaongeza. Mimi humwambia mwanafunzi aandike jibu la swali hilo kwa Kiswahili cha kawaida kwenye karatasi kwanza. Asiyeweza kulijibu kwa maneno bado hajafikia kuandika if.

Kuhusu `if ana_mkopo:` bila `== True`, usishangae. Jina hilo lenyewe limebeba kweli au si kweli, na if haihitaji zaidi ya hapo. Aina hiyo ya thamani Python huiita `bool`, kutokana na George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyechapisha mwaka 1854 kitabu kilichoonyesha kwamba fikra za kweli na si kweli zinaweza kupigwa hesabu kama namba. Hakuwahi kuona kompyuta, lakini kila if unayoandika imesimama juu ya kazi yake.

Swali lako la mwisho, la makosa yaliyojificha, ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote.

Ulijaribu programu kwa watu wawili. Madaraja ni matano. Kanuni ya chini kabisa ni kila tawi lipitiwe angalau na namba moja ambayo jibu lake umelipiga kwa mkono. Ungemjaribu dereva wa 600,000 kabla ya kijana wa stoo, ungeligundua kosa kwa njia ngumu zaidi, lakini ungeligundua. Kisha ongeza namba za mipakani, kwa sababu makosa ya masharti hupenda kukaa hapo. Kwa viwango hivi: 270,000 itoe 0, 520,000 itoe 20,000, 760,000 itoe 68,000, 1,000,000 itoe 128,000. Katikati, 300,000 itoe 2,400, 600,000 itoe 36,000, 900,000 itoe 103,000 na 1,200,000 itoe 188,000. Ziandike kwenye daftari, na kila ukigusa programu zipitishe tena zote.

PAYE ina huruma kwenye mipaka. Ukikosea ukaandika `<` badala ya `<=`, mtu wa 520,000 kamili ataingia daraja la tatu, lakini bado atapata 20,000, kwa sababu kanuni za madaraja mawili jirani zinakutana palepale mpakani. Sehemu nyingine hakuna huruma hiyo. Alama za kidato cha nne ni mfano mzuri, maana najua wengi mnaojifunza huanza nazo: A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, chini ya hapo F. Ukiandika `alama > 45` kwa ajili ya C, mwanafunzi mwenye 45 kamili umemshusha hadi D.

Na kuna mtego mbaya zaidi kwenye mfano huo, ambao nauona mara nyingi. Mtu anayanakili madaraja kama yalivyo kwenye karatasi: `alama >= 65 and alama <= 74`, halafu `alama >= 45 and alama <= 64`, hadi mwisho, na else anaweka F. Kwa alama nzima inafanya kazi. Siku akiingiza wastani wa masomo, mwanafunzi wa 64.5 si B kwa sababu hajafika 65, na si C kwa sababu amezidi 64. Anateremka mnyororo mzima bila kupokelewa, anaangukia else, anapewa F. Mtoto wa 64.5! Dawa ni ileile ya mnyororo wako wa kodi: weka mpaka mmoja tu kwa kila tawi, `>= 75`, `>= 65`, `>= 45`, `>= 30`, na usiache pengo katikati. Kama shule inakadiria 64.5 iwe 65, ikadirie kabla ya kuingia kwenye if, lisiwe jambo la bahati.

Else nayo iangalie kwa jicho kali. Inapokea kila kitu ambacho hukukifikiria, pamoja na upuuzi. Kwako wewe hata tawi la kwanza lina hatari hiyo: mtu akikosea akaingiza -300000, litampokea na kumpa kodi sifuri kwa utulivu. Weka juu kabisa sharti la kukataa mshahara ulio chini ya sifuri. Na akiandika 300,000 akiweka mkato, kama sote tunavyoandika, `int`, inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, itakataa na programu itakatika. Ondoa mkato kwanza kwa `.replace(",", "")`.

Mitego miwili ya haraka utakayokutana nayo wiki hii au ijayo. Alama moja ya `=` inaweka thamani, mbili `==` zinalinganisha. Ukikosea ndani ya if Python itakukatalia hapohapo, lakini lugha kama C na JavaScript zinaweza kukubali na kuendelea. Wa pili ni `if idara == "stoo" or "ofisi":`. Ukiusoma kwa sauti unaonekana sawa, ila Python inauona kama maswali mawili: idara ni stoo? au "ofisi"? Neno lolote lenye herufi ndani yake Python hulihesabu kuwa kweli, kwa hiyo sharti zima ni kweli daima, hata kwa dereva. Andika `idara == "stoo" or idara == "ofisi"`.

Nafasi mwanzoni mwa mstari nazo zina maana. Mstari wa `print` ukiingizwa ndani ya else kwa bahati mbaya, programu itamchapia meneja tu na wengine itawanyamazia. Usidhani hilo ni kosa la wanaoanza pekee. Mwaka 2014 Apple ililazimika kutoa sasisho la haraka la usalama kwa simu na kompyuta zake kwa sababu ya mstari mmoja uliorudiwa mara mbili chini ya if. Wa kwanza ulikuwa ndani ya sharti, wa pili ulionekana kuwa ndani lakini kwa sheria za lugha ya C ulikuwa nje, ukatekelezwa kila mara, na ukaguzi muhimu wa mawasiliano salama ukarukwa. Katika C nafasi ni pambo, mabano ndiyo yanayoamua. Python imeamua kwamba unachokiona kwa macho ndicho itakachofuata, na kwa anayejifunza naona hiyo ni zawadi kubwa.

Bado jambo moja, nalo haliko ndani ya if, liko kwenye namba unayoipeleka huko. PAYE hupigwa kwenye kiasi kinachobaki baada ya kutoa mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), ambao kwa kawaida ni asilimia 10. Kama ile 300,000 ya kijana wa stoo ni kabla ya NSSF, ukitoa 30,000 inabaki 270,000 kamili, yuko ndani ya daraja la kwanza, na kodi yake ni sifuri, si 2,400. Dereva anabaki na 540,000, kodi 24,000. Meneja anabaki na 1,080,000, kodi 152,000, si hiyo 188,000 uliyoiona safi. Mnyororo wako wa elif utakuwa sahihi kabisa na slipu zote tatu zitakuwa zimekosewa. Ongeza mstari mmoja juu ya if ya kwanza, `kinachotozwa = mshahara - mshahara * 0.10`, tumia jina hilo ndani ya masharti yote na hesabu zake badala ya `mshahara`, na kabla hujapeleka hesabu za mwezi huu muulize mhasibu wenu kama mishahara iliyo kwenye orodha yake imeshatolewa NSSF au bado.